Nyumba ya Ngamiani: shajara ya kupambana na unyevu na ukungu

Januari, kaskazi inavuma

Nyumba ni ya marehemu babu, iko Ngamiani hapa Tanga. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zina unene wa sentimita 45 hivi. Vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma. Bibi anaishi humo pamoja na shangazi na watoto wawili wa dada yangu. Kila masika kuta zinatoa maji. Mvua ikikatika watu wanasugua, wanapaka rangi mpya, na Mei inayofuata madoa yanatokea palepale. Mwaka huu tumekubaliana kama familia: hakuna kopo la rangi litakalonunuliwa kabla hatujajua maji yanatoka wapi. Naandika ili ndugu walioko Dar es Salaam na Mombasa, ambao ndio wachangaji wakubwa, waone fedha inavyokwenda, na mwenye nyumba ya mawe popote Pwani apate la kuchukua.

Kazi ya kwanza ni ukaguzi. Nimepita chumba kwa chumba na kipande cha mkaa, nikachora mpaka wa kila doa ukutani na kuandika tarehe pembeni. Doa likitanuka au likinywea tutaliona bila kubishana.

Chumba cha Bibi ndicho kibaya kuliko vyote. Tulipolivuta kabati la nguo, mgongo wake wa plaiwudi ulikuwa umeota manyoya meupe, na ukutani nyuma yake vidoa vyeusi vimesongamana kuanzia usawa wa goti hadi kiunoni, kisha vinachambukachambuka kadiri vinavyopanda. Viatu vya ngozi vya babu vimekuwa vya kijani. Kanzu yake ya Idi, ambayo Bibi ameitunza tangu msiba, ina madoa ya kahawia kwenye kola na mikono, na sidhani kama yatatoka. Harufu ya uvundo ilitujaa puani hata baada ya kufungua dirisha.

Ukumbini ni jambo jingine. Hakuna weusi mwingi, ila rangi imevimba na kubanduka kwenye mkanda wa chini, kimo cha mita moja kutoka sakafuni, na unga mweupe unadondoka kila siku. Shangazi anaufagia asubuhi, jioni umerudi. Chumba cha mbele kina duara la kahawia kwenye silingi bodi, karibu na dirisha. Bafuni ukuta wote una utelezi.

Soketi moja ya ukumbini imeota kutu na ukuta wake una maji. Hiyo tumeizima kwenye swichi kubwa siku hiyohiyo na kumwita fundi umeme. Mwenye kusoma haya, kama ukuta wako umelowa, anza na umeme. Mambo ya rangi yatasubiri.

Januari, katikati ya mwezi

Jaribio la nailoni. Linagharimu karibu bure na kila mtu anaweza kulifanya. Unakata kipande cha nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, kiasi cha sentimita 40 kila upande, unakibandika ukutani kwa gundi ya utepe kingo zote zisipitishe hewa, unakiacha siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe. Yakitokea upande wa nje, unaoukabili chumba, ni mvuke wa hewa ya ndani umekutana na sehemu baridi ukageuka maji.

Ukumbini matone yalijaa ndani ya nailoni. Bafuni yalikuwa nje. Chumbani kwa Bibi tulibandika vipande viwili: cha chini, karibu na sakafu, kililowa ndani, cha juu, palipokuwa pamezibwa na kabati, kililowa nje asubuhi. Kwa hiyo ukuta mmoja una matatizo mawili, na dawa moja isingetosha.

Nimenunua pia kipima unyevu cha hewa, kile kidogo cha kutumia betri. Chumbani kwa Bibi alfajiri kinasoma asilimia themanini na kitu, saa nane mchana jua likiwa kali kinashuka hadi sitini na kitu. Ukungu hauhitaji dimbwi la maji. Unyevu wa hewa iliyogusana na ukuta ukikaa juu ya asilimia 80 au karibu na hapo kwa muda, mbegu zake, ambazo zimo hewani kila mahali, zinaanza kuota. Chakula chake ni karatasi, mbao, vumbi, gundi, rangi, nguo. Ukuta mnene wa mawe unachelewa kupata joto asubuhi, na kabati likibanwa kwenye ukuta huo hewa haipiti kabisa. Hapo ukungu una kila kitu unachotaka.

Kuna fundi kijana aliyetushauri tuongeze lipu nyingine ya simenti, safari hii yenye dawa ya kuzuia maji. Nilimsikiliza kwa heshima lakini sikukubali. Ukuta wa zamani hauna nailoni iliyotandikwa juu ya msingi kama nyumba za bloku za sasa. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya mawe na chokaa kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta. Waliojenga walilijua hilo, ndiyo maana wakaupiga ukuta lipu ya chokaa, inayoruhusu maji yatoke kama mvuke kabla hayajapanda mbali. Miaka ya karibuni pakapigwa simenti juu yake, na juu ya simenti rangi ya mafuta. Maji hayakuacha kupanda. Yalikosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi na kubaki humo.

Baada ya kuulizia Ngamiani na Mzingani tumempata mzee mmoja aliyefanya kazi ya chokaa tangu ujana wake.

"Shikamoo, babu fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mna haraka?"

Nikamwambia tunataka kumaliza kabla ya masika. Akagonga ukuta wa ukumbi kwa kifundo cha kidole, huku na huku, akitega sikio. Kila mahali simenti ilipoachana na ukuta mlio unakuwa mtupu.

"Simenti itoke yote mpaka hapa," akasema, akionyesha usawa wa kifua chake. "Halafu muuache wazi, msiuguse. Mimi nitakuja ukishakauka kiasi. Mkinilazimisha kupiga chokaa juu ya maji, sitapiga."

Tumemchukua.

Februari mwanzoni: paa

Tumeanza juu. Ukitengeneza ukuta wakati bati linavuja, unatengeneza mara mbili.

Duara la kahawia la chumba cha mbele lilitokana na misumari iliyolegea na raba zake kukatika, pamoja na kofia ya bati iliyonyanyuka upande wa baharini. Mabati matatu yameoza kwa kutu, na mwisho wa papi mbili umelainika. Tumebadilisha mabati hayo, papi hizo, na misumari yote ya upande ule. Silingi bodi zilizolowa tumezitoa. Bodi ikishaota ukungu ndani yake haisafishiki.

Jambo kubwa la paa hili ni gata, kwa kuwa halikuwa nalo. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa letu lina karibu mita 90 za mraba. Mvua moja ya milimita 30, na Mei hapa Tanga mvua ya namna hiyo ni ya kawaida, inamwaga lita 2,700. Zote zilikuwa zinaanguka kwenye kitako cha ukuta, zinachimba mfereji wao, na matope yanaruka ukutani hadi magotini. Kabla ya kulaumu ardhi nilitaka maji haya yaondoke kwanza.

Sasa kuna gata pande zote mbili, za bomba la plastiki lililopasuliwa, zikiteremka kidogo kuelekea tangi la uani. Shangazi amefurahia tangi kuliko kitu kingine chochote, na ana haki: maji ya kufulia sasa yako hapo.

Februari: chini

Hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito.

Nje ya ukuta wa upande wa uchochoro, kifusi kimejazwa mwaka baada ya mwaka, kila mtu akikwepa dimbwi lake. Tulipopima kwa uzi na pimamaji tukakuta ardhi ya nje iko juu ya sakafu ya ndani. Kwa hiyo sehemu ya ukuta ilikuwa imezikwa. Vijana wa mtaani wamechimba mfereji kando ya ukuta mpaka ardhi imeshuka sentimita 20 chini ya usawa wa sakafu. Tumeweka kokoto, na ardhi imepewa mteremko wa kuyapeleka maji mbali na nyumba. Hatukuziba ukuta kwa zege upande huo. Kokoto zinaruhusu jua na upepo kuufikia.

Wakati wa kuchimba tukaona udongo wa kona moja ni mweusi na una harufu ya sabuni, na mvua haikuwa imenyesha. Karo la nyumba ya pili lina ufa. Suala la jirani linataka adabu, kwa hiyo alikwenda Shangazi na mimi nyuma yake. Tulikaribishwa barazani, tukanywa chai, tukaulizana hali za watoto.

"Dada yangu," Shangazi akaanza, "tumechimba ukutani kwetu tumekuta maji. Tunaona kama yanatoka upande wa karo. Twende ukaone mwenyewe, kisha tuangalie pamoja tufanye nini."

Akaja, akaona, akasikitika. Naye ukuta wake wa jikoni umekuwa ukitoa maji, hakujua sababu. Tumegawana: wao simenti na bomba jipya, sisi vibarua. Karo lilizibwa wiki ileile. Nina uhakika tungeanza kwa lawama lingekuwa bado linavuja.

Ndani, simenti imebanduliwa. Nyundo na tindo, polepole, kwa sababu matumbawe ni laini na ukipiga kwa pupa unang'oa jiwe. Tulivaa barakoa na kunyunyizia maji kidogo kutuliza vumbi. Pale simenti ilipotoka kipande kikubwa tuliona kitu ambacho nimekipiga picha kwa ajili ya ndugu: mgongo wa kile kipande ulikuwa na ukurutu wa chumvi unaong'aa, na jiwe nyuma yake jeusi kwa maji katika mwezi ambao haujanyesha tone. Juu ya usawa wa kifua, ambako lipu ya zamani ya chokaa ilisalia chini ya rangi, jiwe lilikuwa jeupe na kavu.

Mafundi wa majengo ya kale hukadiria kwamba ukuta uliolowa hukauka kwa mwezi mmoja kila sentimita 2.5 za unene. Kwa ukuta wa sentimita 45 hiyo ni mwaka na nusu. Nimeandika hivyo ili pasiwe na ndugu atakayepiga simu Aprili kuuliza mbona bado. Tunachohitaji kabla ya kupiga lipu ni uso wa ukuta uwe umekauka. Maji ya ndani kabisa yataendelea kutoka taratibu kupitia chokaa, na ndiyo faida ya chokaa.

Machi mwanzoni: kusafisha ukungu

Bibi ana pumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza kuwa wakaaji wa nyumba zenye unyevu wanapata zaidi kikohozi, kubanwa kifua na pumu, na kwamba dawa ni kuuzuia unyevu wenyewe. Kwa hiyo kabla ya mtu kugusa ukungu, Bibi na watoto walihamia kwa mjomba, Chumbageni. Hakutaka kwenda. Tulimwomba sana.

Tulichofanya: mlango wa chumba umefungwa kuelekea ukumbini, dirisha limefunguliwa, barakoa na glavu kwa kila aliyeingia. Doa kavu halifagiliwi kwa ufagio, kwa sababu mbegu zinaruka na kwenda kuota chumba kingine. Tulililowesha kwanza kwa maji ya sabuni, tukalisugua kwa brashi ngumu, tukafuta kwa tambara, na tambara likaenda kwenye mfuko wa taka. Kisha feni ikapuliza kuelekea dirishani mpaka ukuta ukakauka.

Watu wengi wanakimbilia dawa ya klorini ya kufulia. Kwenye vigae vya bafu inafaa. Kwenye ukuta wa lipu na kwenye mbao inafuta weusi juu tu, na sehemu kubwa ya hiyo dawa ni maji, kwa hiyo unauongezea ukuta unyevu. Na jambo hili nalisema kwa kusisitiza kwa sababu nimeona watu wakilifanya: dawa ya klorini usiichanganye kamwe na siki, wala dawa ya choo yenye asidi, wala chochote chenye amonia. Gesi inayotoka inaumiza mapafu, na katika bafu dogo inaweza kuua.

Vilivyotupwa: godoro la sponji la chumba kile, mgongo wa kabati, silingi bodi, zulia, mto mmoja. Vilivyookolewa: kabati lenyewe, kwa kuwa ni mninga, limefutwa na kuanikwa kivulini penye upepo, kanga zote, zimefuliwa na kuanikwa juani, misahafu na karatasi za kiwanja, zimepanguswa ukurasa kwa ukurasa barazani kwa kitambaa kikavu. Viatu vya babu, Bibi amekataa visitupwe. Vimefutwa, viko kwenye rafu yenye hewa.

Udi na ubani tumevukiza siku ya kumaliza, kwa sababu nyumba ni ya Waswahili na inastahili. Ila udi unafukuza harufu tu. Chumba kikianza kunuka uvundo tena chini ya udi, hiyo ni taarifa, na isifunikwe.

Machi: chokaa

Babu fundi amekuja, ameweka kiganja ukutani, amekubali.

Chokaa ameitaka ya mawe, kutoka upande wa Amboni, ambako mwamba wenyewe ni wa chokaa. Mapango ya Amboni yamo katika mwamba huohuo. Zamani huku Pwani watu walichoma matumbawe. Sisi hatukutaka hata kuulizia chokaa ya matumbawe yaliyovunjwa baharini. Samaki tunaokula wanazaliwa humo, na mwamba wa nchi kavu upo wa kutosha.

Mawe yaliyochomwa yanamwagiwa maji kwenye pipa. Hapo ndipo pa kuogopa. Yanachemka, yanarusha, moshi wa mvuke unapanda, na tone likiingia jichoni linaweza kulipofua. Mzee alivaa miwani ya kuchomelea aliyoazima na watoto wote walifukuzwa uani. Pipa linafunikwa, chokaa inakaa chini ya maji kwa wiki kadhaa ilainike. Ya kwetu ilizimwa, yaani ilimwagiwa maji, Januari, siku chache baada ya kukubaliana naye, na kwa nasaha yake. Tulipolifungua pipa ilikuwa nyeupe, nzito, inachoteka kwa mwiko bila kumwagika.

Mchanga ni wa mtoni. Muuzaji wa kwanza alileta shehena ya kijivu. Mzee akaramba chembe mbili, akatema, akairudisha. Ya pwani, ina chumvi. Baada ya kutoa ndoo na ndoo za chumvi ukutani hatuwezi kuirudisha kwa lori.

Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Haikuongezwa maji karibu yoyote. Wanatwanga na kupiga kwa vipini vya majembe mpaka mchanganyiko unalegea wenyewe, na kazi hiyo inachosha mikono kuliko simenti. Mashimo makubwa ya ukutani yalizibwa kwanza kwa vipande vya matumbawe tulivyovitoa humohumo. Ukuta ukanyunyiziwa maji kidogo ili usiinyonye chokaa kwa pupa. Mkono wa kwanza unatupiwa kwa mwiko ushike. Wa pili, wa unene wa sentimita moja, unasawazishwa kwa ubao ukishaanza kushika. Wa tatu ni mwembamba. Kati ya mkono na mkono ni siku nyingi.

Hapa watu wengi wa simenti wanakosea, wakidhani chokaa inakauka. Chokaa inakomaa. Inavuta hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo inataka unyevu kidogo. Jua la kaskazi likiipiga inapasuka na kuwa unga. Kwa hiyo tulitundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya kila ukuta, na Shangazi akashika zamu ya kuyanyunyizia asubuhi na jioni. Nyufa chache zilizojitokeza zilifutwa kwa ubao zikiwa bado laini.

Kwenye chokaa ya kupaka, ile nyembamba ya mwisho, nilitaka kutia chumvi kama tulivyozoea kuona majumbani, ishike. Mzee akanizuia mkono.

"Chumvi tunaikimbia, mwanangu, tena unaileta wewe? Paka nyembamba, paka mara nyingi. Itashika."

Mikono mitano myembamba. Nyeupe yake si ile ya dukani, ina utulivu fulani wa macho. Chokaa mbichi pia ni kali, na ukungu hauoti juu yake ikiwa bado changa. Hilo linatupa muda ukuta ukiendelea kutoa maji.

Aprili hadi Mei: masika

Mvua zimekuja, na Mei imenyesha kama ilivyo desturi yake. Gata zimefanya kazi. Mara moja ziliziba kwa majani ya mwarobaini wa jirani, tukaweka wavu. Mfereji wa uchochoroni unapeleka maji barabarani. Hakuna tone chumba cha mbele.

Ukumbini, alama za mkaa tulizozihamishia kwenye karatasi zinaonyesha unyevu umeshuka kutoka mita moja hadi chini ya goti. Chokaa ya hapo ina rangi ya kijivu asubuhi, inarudi nyeupe mchana. Hivyo ndivyo tulivyotaka: maji yanatoka.

Pametokea jambo lililowatia watu wasiwasi. Karibu na mlango wa uani pana kipande cha ukuta kinacholowa siku zisizo na mvua, kisha kinakauka chenyewe. Wakasema bado panavuja. Nilikaa nacho na kipima unyevu kwa muda. Kinalowa kila hewa ikipita asilimia 75 au karibu na hapo. Hiyo ni tabia ya chumvi: chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika asilimia 75. Tanga tuko juu ya hapo usiku mwingi wa mwaka. Kwa hiyo ukuta wenye chumvi unalowa bila paa kuvuja wala ardhi kutoa maji, na wapo wanaobadilisha mabati mazima kwa sababu ya kitu hiki.

Dawa yake: unga mweupe unapanguswa kwa brashi kavu na kuzolewa utupwe nje ya nyumba. Usioshwe kwa maji, kwa sababu maji yanairudisha chumvi ndani. Pale palipozidi tumebandika karatasi za magazeti zilizolowekwa na kupondwa kwa maji safi, unene wa sentimita mbili, tukaziacha mpaka zikakauka na kujibandua. Zilitoka na chumvi unayoiona kwa macho. Tutarudia kaskazi ijayo. Chokaa ya kipande kile pengine itaharibika na tutaibandua. Mzee alishasema tangu mwanzo kwamba lipu ya kwanza kwenye ukuta wa chumvi ni ya kafara.

Mambo ya ndani ya nyumba, tuliyokubaliana na wakaaji:

Makabati na vitanda viko mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Nguo mbichi haziingii chumbani hata mvua inyeshe, zinaanikwa barazani. Tumetoboa matundu juu ya ukuta wa bafu na kuweka wavu wa mbu, na anayeoga anaacha mlango wazi akimaliza. Madirisha yanafunguliwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni jua likiwapo. Alfajiri ya mvua yanabaki yamefungwa, kwa sababu hewa ya nje wakati huo ina maji kuliko ya ndani. Hili lilileta ubishi, maana tumelelewa kufungua dirisha mapema, lakini kipima unyevu kimeamua. Feni ya chumbani kwa Bibi inazunguka polepole hata asipokuwamo. Hewa inayotembea inazuia ukuta kupoa na kulowa.

Juni, kusi

Bibi amerudi chumbani kwake. Kabla ya kuingia alipapasa ukuta kwa mgongo wa mkono, kuanzia mlangoni hadi kichwani pa kitanda, kisha akaomba kabati lake lirudishwe lakini upande mwingine. Pumu yake daktari anaifuatilia kama kawaida, na dawa haachi.

Kipima unyevu bado kinapanda alfajiri. Tanga ni Tanga, bahari iko pale. Lakini hakuna doa jipya jeusi chumbani humo tangu Machi, na nyuma ya kabati, nilipomulika tochi juzi, chokaa ni safi.

Kazi zilizobaki. Dirisha la chumba cha mbele ni la aluminiamu la kusukuma, linafungua nusu tu. Seremala anatengeneza la mbao lenye vipande vya kupitisha hewa, ili upepo wa kusi uingie mbele na kutokea ukumbini hadi uani kama nyumba ilivyopangwa. Vyumba vitatu vya kushoto bado vina simenti. Tutavibandua Januari, kaskazi ikivuma, na pipa la chokaa litazimwa Desemba ili ilale vya kutosha. Mzee amekubali kuja na vijana wawili awafundishe kazi, mmoja wao ni yule fundi wa simenti.

Wachangaji: gharama iliyozidi kadirio ni gata na tangi. Iliyopungua ni rangi, kwa kuwa hatukununua hata kopo moja. Mchango wa awamu ya pili utumwe kabla ya Novemba, tuwahi kununua mbao za dirisha na mchanga wa mtoni kabla vuli haijaharibu barabara ya machimbo.